Minazi ya Bi na Ruzuku ya Tembo

Kabla ya kunidhulumu, yule bwana alinisifu. Alisimama mlangoni mwa kanisa letu dogo mjini Amu, Jumapili baada ya ibada, Biblia kwapani, akaniambia mbele ya wanakwaya wenzangu kwamba tembo letu ndilo tembo safi kuliko yote aliyowahi kuonja tangu ashuke kutoka bara. Mzee wa kanisa huyo, anasifu tembo! Wenzangu wakacheka, nami nikacheka, na sitaficha, nilifurahi. Ukizoea kuuza kitu chako kwa kificho, siku ukisifiwa hadharani kichwa kinavimba. Changu kilivimba.

Tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu hakuna kitu ambacho hakuwa mwenyekiti wake. Kamati ya ujenzi wa kanisa, yeye. Wazazi wa shule, yeye. Wafanyabiashara waliotoka bara, yeye. Hata kwenye matanga, alikuwa hajamaliza kutoa pole ameshashika daftari anaandika michango. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na gati, saruji, mabati, misumari, rangi, na wateja wake wakubwa walikuwa mafundi wa mji wenyewe, Waamu, watu wanaojenga nyumba za mawe na kuzitengeneza tena kila mwaka. Mafundi hao muwakumbuke, watanifaa baadaye.

Sisi ni wagema. Baba yangu alitoka pande za Kaloleni akiwa kijana, akaja kugema minazi katika shamba moja upande wa Kipungani, na huko ndiko nilikozaliwa. Alipochoka kupanda, mume wangu akashika kotama, kile kisu kipana cha kukatia karara, ua changa la mnazi ambalo bado limejifunga. Mgema hupanda asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, Krismasi haipo. Akikata ncha ya karara, utomvu unatiririka kwenye kibuyu mpaka atakaporudi. Akikosa siku mbili tatu karara linajifunga, na kazi ya wiki nzima imepotea. Mimi kazi yangu ilikuwa ya chini: kuchuja, kuosha vyombo, na kuuza. Walionunua walikuwa polisi, walimu, wafanyakazi wa hoteli na vibarua wa mjengo, watu wa bara karibu wote, na walinunua huku wakiangalia nyuma. Polisi ndio waliokuwa wakinikamata, na polisi hao hao ndio waliokuwa wateja wangu wa Jumamosi.

Minazi haikuwa yetu. Ilikuwa ya Bi. Bi ni mama wa mjini, mjane, mtu wa dini kabisa, na mwanawe wa pekee ni imamu wa msikiti wa mtaani kwao. Sasa utauliza, mtu wa dini anakodishaje minazi kwa mgema? Ndipo ilipokuwa siri ya maisha yetu. Tembo likiachwa likachacha lenyewe, bila kutiwa kitu, mwisho linageuka siki, na siki ni halali mezani kwa Mwislamu yeyote. Basi baba yangu na Bi walikubaliana kodi iwe siki. Kila mwezi mtungi mmoja wa siki nzuri, iliyotulia, pamoja na nazi za minazi ambayo haikugemwa. Bi alitengenezea achari, akawagawia majirani, na mtaa mzima walijua kwamba shamba la Bi ni shamba la siki.

Kwani hakujua? Alijua. Minazi yote ile haigemwi kwa ajili ya mtungi mmoja. Lakini katika umri wangu wote sikusikia neno tembo likitamkwa kati ya Bi na baba yangu. Alimuuliza siki ya mwezi huu imekuwaje, na baba, Mkristo wa kubatizwa, akamjibu alhamdulillahi, minazi imetoa. Akaketishwa, akaletewa kahawa na halua, akaulizwa habari za watoto. Baba alipokufa nikaanza kwenda mimi, na mazungumzo yakawa yale yale. Nililelewa nikijua kwamba mbele ya Bi kuna neno moja tu ambalo halitoki mdomoni, na nikilitunza hilo minazi ni yetu mpaka wajukuu.

Ndipo ikaja ruzuku.

Tuliisikia kwenye baraza la chifu. Serikali, walisema, imeamua kuwainua watengenezaji wadogo wa vinywaji: wenye tembo, wenye mvinyo wa mabibo na ukwaju, wenye kukeneka pombe kali kwa mvuke na kwa njia safi. Atakayekubaliwa atapewa fedha za kujenga banda, mashine ya kusafisha na kufungia chupa, na leseni. Leseni! Wengine walisikia fedha, mimi nilisikia leseni. Nilijiona nikiuza chupa yenye karatasi ya jina, hotelini, mchana kweupe, na polisi akija namuuliza anataka ngapi. Sikulala vizuri wiki ile kwa furaha.

Masharti yalikuwa matatu: kundi lililosajiliwa, mpango wa biashara ulioandikwa, na barua ya ridhaa ya mwenye minazi. Mimi nimesoma mpaka darasa la nane. Mpango wa biashara ningeuandika kwa lugha gani? Mwenyekiti akasema mama, hilo niachie mimi, na kusajili kundi pia.

Akaja Kipungani na kompyuta yake ndogo, si mara moja, mara tatu. Nilimpikia samaki wa kupaka na wali wa nazi, akala mpaka akafungua mshipi. Huku anakula ananiuliza, na mimi kama bwege namwaga kila kitu. Karara la namna gani linatoa zaidi. Kwa nini chombo hakioshwi kwa sabuni. Tembo la alfajiri linakaa saa ngapi kabla ya kuwa kali. Unalipunguzaje kasi likiwa chupani, maana ukilifunga likiwa changa chupa inapasuka. Mambo ambayo baba yangu alinifundisha kwa makofi, nilimpa bure kwa tabasamu. Akampiga picha mume wangu akiwa juu, akanipiga mimi nikichuja. Akasema picha hizo zitawalainisha wakubwa. Alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikageuza na upande wa pili anipake.

Barua ya ridhaa aliiandika yeye, nikaipeleka mimi mwenyewe kwa Bi. Macho ya Bi yamezeeka, hasomi tena ila msahafu wake wa herufi kubwa. Akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya siki, Bi, serikali inataka kutusaidia. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukisema siku zote. Akaniambia nimwekee kidole pale pa kutia sahihi, akatia. Karatasi zilikuwa mbili zimebanwa pamoja, za Kiingereza. Ya pili mimi sikuifunua. Mpaka leo nikikumbuka kwamba sikuifunua najipiga paja.

Miezi ikapita. Mwenyekiti akaanza kuwa na shughuli. Nikipiga simu, yuko mkutanoni. Kanisani akawa anatoka kabla ya baraka. Kisha siku moja naenda kwa chifu kutafuta barua ya mtoto ya shule, nakuta ukutani orodha ya waliopata ruzuku. Kundi letu limo. Nikapiga kigelegele peke yangu pale ofisini, wallahi, karani akashtuka. Ndipo nikasoma majina. Mwenyekiti, yeye. Mweka hazina, mkewe. Katibu, shemeji yake, mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kipungani. Chini kabisa, mume wangu: kibarua wa kupanda minazi. Mimi sikuwepo. Nilitafuta jina langu mara tatu, kidole ukutani, kama mtoto anayetafuta matokeo ya mtihani.

Karani akanionyesha nakala ya mpango wenyewe. Kwenye jalada nilikuwepo, picha yangu, nachuja tembo nikicheka. Ndani, ile karatasi ya pili: Bi anaipa minazi yake yote kundi hilo kwa miaka kumi. Minazi ya baba yangu. Na aliyeipeleka karatasi ni mimi, kwa miguu yangu, kwa kanga yangu ya kutokea.

Nilikwenda dukani kwake moja kwa moja. Hakukana, hilo nalo lilinikera. Afadhali angekana. Alikuwa anampimia mtu misumari, akamaliza, akafuta mikono, akaniambia kwa upole, kama mwalimu:

“Mama, wewe una ujuzi, sikatai. Lakini serikali haiangalii ujuzi, inaangalia karatasi. Na karatasi ni zangu.”

Kisha akaniambia nisikasirike, kazi itakuwepo, nitaosha chupa. Mume wangu akitaka kugema agemee kundi kwa mshahara, asipotaka kuna wagema wengi Mtwapa wanaotafuta kazi. Nikatoka. Nilifika gatini nikakaa kwenye ngazi, na nililia kwa hasira mpaka mwenye mashua akaniuliza nimefiwa na nani.

Nyumbani nikataka tugome. Mume wangu akakataa. Yeye ni mtu wa maneno machache, akasema tu kwamba hawezi kukaa chini akatazama kotama ya mtu mwingine kwenye minazi ile. Basi akawa kibarua kwenye minazi aliyoipanda tangu ujana wake, na mimi nikaosha chupa. Banda likajengwa, mabati mapya, bila shaka kutoka duka lake mwenyewe. Mashine ikaja kwa jahazi, inang'aa. Mkewe akawa anakuja kutusimamia na mwavuli. Aliniambia siku moja kwamba chupa zangu hazitakati vizuri, na mimi nikamjibu ndiyo mama. Nikaenda nyuma ya banda nikauma kanga.

Sitajifanya mtakatifu. Niliwaza mengi. Niliwaza kumwaga mafuta ya taa kwenye pipa. Niliwaza kufungia chupa tembo changa lile la alfajiri zimpasukie usoni. Kanisani, wenzangu wanaimba za kusifu, mimi nafungua Zaburi zile za kuwaapiza maadui, nasoma polepole nikimtazama kisogo chake kwenye kiti cha mbele. Mungu anisamehe, au asinisamehe, shauri yake. Nilichotaka hakikuwa pesa. Nilitaka minazi irudi, na nilitaka yule bwana aumie mahali ambapo ataumia kweli, yaani mbele ya watu. Maana alipenda sana kuwa mbele ya watu.

Akanipa nafasi mwenyewe. Ruzuku ilikuwa inatolewa kwa mafungu mawili, na fungu la pili, lililokuwa kubwa, lilitaka wakubwa waje waone kiwanda kinafanya kazi. Na mwenye minazi awepo athibitishe ridhaa yake mbele yao. Mwenyekiti akanijia nikiwa kwenye beseni la chupa. Akachuchumaa. Kwa mara ya kwanza tangu anidhulumu alichuchumaa akawa sawa na mimi. Akaniuliza, huyu mama anaendewaje? Alikuwa hajawahi kukaa sebuleni kwa Bi hata mara moja. Miaka yote hiyo Amu, na watu wa mji aliwajua kwa kaunta tu. Aliuza saruji ya kuta zao na hakujua kinachosemwa na kisichosemwa ndani ya kuta hizo. Akaniuliza kama Bi atapenda zawadi gani, na katika hotuba amwambie nini ili afurahi.

Nikaona. Nawaambia kweli, niliona kila kitu mara moja, mikono yangu ikasimama ndani ya maji.

“Bi hapendi zawadi,” nikamwambia. “Bi anapenda kutajwa. Mshukuru kwa jina mbele ya watu wote, sema bila yeye hakuna tembo.”

Akatoa daftari. Akaandika, jamani. Aliandika neno kwa neno, akanisomea nimhakikishie, nikamhakikishia. Akasema kumbe una moyo mzuri, mama, wengine wangeweka kinyongo. Nikasema sisi ni ndugu katika Bwana.

Na Bi nilikwenda kumchukua mimi. Hili nalisema kwa sababu wengine wanalisimulia wakiliruka, na mimi sipendi hadithi yangu irukwe. Nilikwenda nikakaa pale alipokuwa akikaa baba, nikaletewa kahawa, nikamwambia wakubwa wanakuja kuona siki, wanataka kumshukuru. Akafurahi, maskini. Akasema haya, tutakwenda, muda mrefu hajaiona minazi yake. Siku ile alijifukiza udi, akavaa buibui jipya, na mwanawe akamkodia mashua. Kipungani niliingia majini mpaka magotini nikamshika mkono ashuke. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Akaniuliza kama minazi ya upande wa kisima bado inatoa, nikamwambia inatoa, Bi.

Hema lilikuwa limejaa. Wakubwa wa serikali kwenye viti vyenye vitambaa, walimu, polisi wangu wa Jumamosi wamevaa sare na kujifanya hawanijui, na watu wa kijiji, Waislamu wengi, waliokuja kutazama mashine na kula pilau. Bi akawekwa mbele kabisa. Mwenyekiti akashika kipaza sauti. Alisema ya serikali, alisema ya vijana, alisema ya utalii, akajitaja mara nyingi. Mimi nimesimama nyuma na wanawake wa beseni. Nikaanza kufikiri amesahau. Kisha akafungua daftari.

Akamtaja Bi kwa jina lake kamili, na jina la marehemu mumewe, na la mwanawe imamu juu yake. Akasema makofi kwa mama huyu. Akasema bila huyu mama hakuna tembo. Akasema, hili la kwake mwenyewe, kwamba kila glasi itakayonywewa kutoka kiwanda hiki, ajue mnywaji kwamba ameipata kwa baraka za Bi. Na akaongeza jambo ambalo sikulipanga, naapa sikulipanga. Akamimina glasi ya kwanza, akashuka jukwaani, akamwekea Bi mkononi, akainama karibu naye akitabasamu, na mpiga picha akapiga.

Hakuna aliyepiga makofi upande wa wanakijiji. Bi aliitazama glasi. Aliinusa, kidogo tu, kisha akaiweka chini mchangani kando ya kiti chake, taratibu, isimwagike. Akageuka akatafuta kati ya wanawake mpaka akaniona. Hakunitazama kwa muda mrefu. Akavuta buibui lake usoni, akasimama, akamwita mwenye mashua ampe mkono. Mimi nilikuwa nimeshapiga hatua mbili kwenda kumsaidia. Mkono akampa mwenye mashua.

Na yule mpumbavu akaendelea na hotuba! Akawaambia wageni mama yetu amekwenda kuswali, tumwombee. Saa nne asubuhi. Mkubwa mmoja wa serikali, mtu wa pwani, nilimwona akifunga faili lake bila kusema kitu, akamnong'oneza mwenzake, na wote wawili hawakugusa tena glasi zao.

Kabla ya adhuhuri picha ilikuwa kwenye kila simu ya Amu, Bi na glasi. Watu wa Pate waliiona, wa Kiwayu waliiona. Imamu hakupiga kelele. Alikwenda na wazee wawili kwenye ofisi ya wakubwa wa ruzuku, akaweka mezani nakala ya barua, akaeleza kwamba mama yake hakusomewa karatasi ile. Serikali haikutaka ugomvi na misikiti ya mji mzima kwa ajili ya kiwanda cha chupa. Fungu la pili likasimamishwa, leseni ikazuiwa, banda likatiwa kufuli. Bi akatuma neno kwamba minazi isiguswe na mtu yeyote, na mume wangu akapanda mara ya mwisho kuteremsha vibuyu.

Kisha wakaja wale mafundi. Hakuna aliyetangaza kitu, hakuna aliyesema msinunue. Mafundi walianza tu kupita mbele ya duka la Mwenyekiti wakienda duka jingine. Walimsalimu, tena vizuri, asalaam na habari za nyumbani, na kupita. Siku, wiki, mwezi. Saruji ikala unyevu wa bahari ikaganda mifukoni. Nilikuwa nikipita pale kila nikienda mjini, hata nisipokuwa na safari, nikatazame mifuko ilivyokuwa migumu. Kanisani wakachagua mwenyekiti mwingine wa ujenzi. Wengine hudanganya kwamba hawakufurahi. Nilifurahi mpaka nikanenepa.

Siku aliyohama Mwenyekiti nilivaa vizuri nikaenda gatini. Nilinunua maji ya ukwaju, nikakaa ukutani, nikamtazama akipakia mabati yaliyobaki. Mkewe alikuwa na ule mwavuli. Mwenyekiti mwenyewe aliponiona akaja, amekonda, akaniuliza kama nilijua. Hakutaja nini, hakukuwa na haja.

“Karatasi zilikuwa zako, Mwenyekiti,” nikamwambia. “Mji niliujua mimi.”

Akarudi kwenye mabati yake. Nikamaliza maji yangu ya ukwaju taratibu, nikisikiliza mashine ya boti mpaka ikapotelea mkondoni.

Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu: mwizi ameondoka, hasira ya Bi itapoa, minazi itarudi kwa wenyewe. Nani mwingine wa kuigema? Mume wangu alikuwa ananoa kotama kila wiki ingawa haikatwi nayo kitu. Makarara yalikuwa yamejifunga yote, minazi imeanza kuzaa nazi, lakini mgema mzuri anaufufua mnazi kwa mwezi mmoja. Nikangoja mfungo uishe, nikaenda kwa Bi na siki ya mwisho niliyokuwa nayo.

Alinipokea. Hakuniletea kahawa. Nilimpa pole kwa yaliyotokea, nikamlaani yule bwana, nikaeleza alivyotudhulumu sote wawili, mimi na yeye. Alinisikiliza mpaka nikakosa la kusema, tasbihi inapita vidoleni. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya chini ya Kiamu:

“Babako alinisitiri umri wake wote, nami nikamsitiri. Yule mgeni hakuijua ndia. Wewe waijua.”

Njia niliijua. Nikafungua mdomo nimwambie ni yeye, ni Mwenyekiti, glasi sikuipanga. Akaniambia minazi na izae nazi, kama Mungu alivyoiumba, na akaniambia niende kwa amani, mwanangu. Mwanangu, bado alisema hivyo.

Mume wangu alikuwa mlangoni nilipofika, kotama mkononi. Nikamwambia imekataliwa. Akauliza kwa nini, na mimi kwa mara ya kwanza nikamweleza yote, beseni, daftari, mashua, nilivyomshika Bi mkono. Nilidhani atanielewa. Nilikuwa nimemlipizia yeye pia, aliandikwa kibarua kwenye minazi yake mwenyewe! Akaiweka kotama chini.

“Ungeniuliza,” akasema, “ningekwambia tukubali ukibarua mpaka tufe. Mimi nilikuwa juu tu. Huko juu sikuwa namwona Mwenyekiti.”

Sasa anabeba mawe ya ujenzi mjini. Mgongo unamuuma, haukuzoea kuinama. Mimi nauza mahamri na chai karibu na gati, na polisi wananunua bila kuangalia nyuma.

Yule bwana sijamsamehe, na sina mpango. Nikisikia huko bara biashara inamwendea kombo nakula nikashiba, na angerudi kesho na daftari lake ningemwambia maneno yale yale. Lakini kila Ijumaa, nikishamaliza kuuza, napanda mtaani kwa Bi na kusimama mlangoni. Natoa hodi. Mtumishi wake anafungua kidogo, ananiambia Bi hayuko, na huku nasikia akikohoa ghorofani. Namwambia basi msalimie. Nangoja kidogo, halafu natoa hodi tena.